Kabla hujakata tiketi, cheki kanda kwanza

Jamani ukiwa mji wenye nauli za kanda, yaani mji umegawanywa maeneo na nauli inategemea unapita yapi, usikimbilie tiketi ya bei chee kabla hujaangalia ramani. Mara nyingi kanda ya kwanza ni katikati ya mji alafu zinazunguka kwenda nje, na ukivuka moja tu ambayo tiketi yako haifiki, kwa mkaguzi wewe hujalipa, hakuna cha kujitetea. Mfano Berlin kuna A, B na C, wageni kibao wanakata AB wakijua imetosha kumbe eapoti ya BER iko C. Na tiketi ya karatasi kama haijagongwa muhuri, igonge kwenye kile kimashine kabla hujapanda.

London ni kadi, kwenye treni unaigusisha kwenye mashine ukiingia na ukitoka, basi ni kuingia tu. Sasa hapa ndo watu wanaliwa hela: ukiingia kwa kadi ya benki toka kwa kadi hiyohiyo, usichomoe simu kulipia, maana hata akaunti ikiwa moja mashine inaona wasafiri wawili tofauti, kila mmoja hajamaliza safari, unakatwa nauli ya juu mara mbili, na kile kikomo cha nauli ya siku (ukikifikia hukatwi zaidi siku hiyo) nacho kinavurugika.