Mtoto anaharisha usiku: ORS inavyochanganywa na kunyweshwa, hatua kwa hatua

Mwangaluka wadau. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, nusu ya mtaa wangu wanaishi kwa dagaa na nusu kwa bodaboda, na mvua zikianza tu najua simu yangu haitalala. "Dada, mtoto anaharisha toka jana." Nafika, nakuta pakti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ipo na imeshafunguliwa, ila imechanganywa kwenye kikombe cha chai. Yani dawa ndani ipo, kipimo ndo hakuna.

Hatua ya 1: anza na mharo wa kwanza
Usisubiri kupambazuke. Kinachomuumiza mtoto ni maji na chumvi anazopoteza, na mwili mdogo hauna akiba. Kwa hiyo pakti 2 zikae ndani muda wote, kama unavyoweka kiberiti. Ila kichanga chini ya miezi 2 akiharisha huyo ni wa kupeleka zahanati moja kwa moja, huku unamnyonyesha.

Hatua ya 2: maji
Ya ziwani, ya kisima, ya bomba yaliyokaa kwenye ndoo siku tatu, yote chemsha. Ya ziwani yakiwa na tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Yakishatokota yaache dakika 1 nzima ndo uepue, ufunike, yapoe. Mkaa umeisha? Tumia vidonge vya kutibu maji vya duka la dawa, ila soma karatasi yake, kidonge ni cha ndoo kubwa kiasi gani na unasubiri dakika ngapi. Na ORS inaingia kwenye maji yaliyopoa, ukishachanganya usirudishe jikoni.

Hatua ya 3: kipimo, hapa tulia
Pakti nyingi za huku ni za lita 1, imeandikwa kwenye pakti, soma kwanza maana zipo na ndogo. Huna jagi la vipimo, sawa, chukua chupa 2 za maji za nusu lita zile zinazouzwa stendi, zioshe, zijaze, mimina zote kwenye jagi safi, halafu pakti NZIMA. Koroga mpaka usione chenga.

Mama mmoja wa mwaloni aliniambia anaigawa nusu ili nyingine ibaki ya kesho. Namuelewa, hela ngumu, ila nusu pakti kwa macho huwezi kupima, na ukiikoleza kwenye kikombe kimoja chumvi inazidi na mtoto anaharibika zaidi. Simcheki mtu, mwanangu wa kwanza mimi mwenyewe nilimkorogea kwenye kikombe kabla sijasomea haya mambo, akawa analia kiu nami naongeza ile ile.

Hakuna pakti kabisa? Lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6, chumvi NUSU kijiko cha chai, na kila kijiko ukisawazishe kwa mgongo wa kisu, kisiwe na mlima. Onja kabla hujampa. Ikiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya.

Hatua ya 4: kunywesha
Chini ya miaka 2, robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Miaka 2 na kuendelea, nusu hadi kikombe kizima. Wakubwa na wazee wanywe kadiri wanavyotaka, na babu msimsahau, wazee nao hukauka haraka na wala hasemi ana kiu.

Akitapika watu wengi wanaacha, "haikai tumboni dada". Inakaa. Subiri dakika 10, mpakate, kichwa kiwe juu, kijiko kimoja, hesabu dakika 2 au 3, kingine. Inachosha, mkono unakufa ganzi, pokezaneni na baba yake. Ziwa lisikatishwe, na anayekula ale, uji, ndizi, supu ya sato. Soda na juisi za dukani hapana, sukari yake inazidisha mharo.

ORS ikifikisha saa 24 mwaga, changanya nyingine.

Hatua ya 5: zinki
Miezi 6 na zaidi kidonge 1 cha miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo nusu kidonge, siku 10. Kiyeyushe kwenye kijiko kwa maji au maziwa ya mama. Siku ya 3 mharo umekata, mtu anaacha. Malizeni jamani, zinki inasaidia usirudi mapema.

Meno ya plastiki
Wapo wanaosema mtoto anaharisha kwa sababu ya meno ya plastiki, ati yakatwe. Hayapo. Kile cheupe kwenye fizi ni jino lenyewe linakuja, na ukilikata kwa kisu unaongeza kidonda na damu juu ya mharo. Miezi ile meno yanapoota ndo mtoto anatambaa, anaokota kila kitu anaweka mdomoni, na ameanza uji. Uchafu unaingia hapo.

Hatua ya 6: hapa usibaki nyumbani
Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, amelegea au hashtuki ukimuita, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Mharo mweupe kama maji ya mchele unaotoka mfululizo, hata kwa mtu mzima, ondoka saa hiyo hiyo, hicho kinaweza kuwa kipindupindu. Damu kwenye choo pia ni ya zahanati, na sisi wa ziwani inaweza kuwa hata kichocho, kwa hiyo msinunue Flagyl kwa kubahatisha.

Mkitoka, ile chupa ya ORS na kijiko mbebe. Mwambie wa boda aende taratibu, simameni njiani kila baada ya muda umpe vijiko kadhaa, mpaka mfike mapokezi.