Kuchomelea kwa umeme kwa anayeanza: rodi ya 2.5 na flatibaa ya milimita 6

Mwongozo huu ni wa mashine ndogo ya inveta inayotumia umeme wa nyumbani, rodi (vijiti vya chuma vinavyoyeyuka na kuwa mshono) za aina ya E6013 za milimita 2.5, na vipande vya flatibaa ya chuma cha kawaida: upana milimita 50, unene 6, urefu sentimita 15. Usianze na bomba la mraba la madirisha, hata kama hiyo ndiyo kazi unayoitaka. Bomba la milimita 1.2 linatoboka kabla hujajua umekosea wapi. Flatibaa nene inakuvumilia.

Kabla ya kuwasha mashine

Kofia ya kuchomelea iwe na kioo cha giza namba 10 au 11. Miwani ya jua haizuii kitu hapa. Macho yaliyopigwa na mwanga hayaumi papo hapo. Huanza saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, na utahisi mchanga chini ya kope. Vaa glavu za ngozi, shati la pamba la mikono mirefu na viatu vya kufunika. Nailoni iache nyumbani, huyeyukia mwilini. Suruali usiikunje chini, cheche hupenda kuingia kwenye mkunjo.

Chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Isage zinki pande zote mbili za maungio hadi chuma chenyewe kionekane, na fanya kazi penye hewa. Wengi gerejini hunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta usiliguse kabisa, hata likiwa limekaa tupu miaka.

Ekstensheni iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5, na uifungue yote. Ikibaki imeviringwa hupata joto mpaka plastiki iyeyuke.

Hatua ya 1: Chuma safi, ethi safi

Saga kutu na rangi hadi chuma king'ae, kisha bana klampu ya ethi (waya wa pili wa mashine, unaorudisha umeme) hapohapo kwenye chuma kitupu. Mwanga unaowaka na kuzimikazimika, mara nyingi kosa liko kwenye ethi iliyobanwa juu ya rangi. Wanaoanza hulaumu rodi.

Hatua ya 2: Ampea

Hesabu ampea 30 hadi 40 kwa kila milimita ya unene wa rodi. Kwa rodi ya 2.5 hiyo ni 75 hadi 100. Anza na 80. Ya 3.2 inataka kati ya 95 na 130, na hapo soketi ya kawaida ya ampea 13 huanza kuelemewa, hata kama boksi la mashine limeandikwa 200. E6013 inakubali kishikio kikiwa upande wa chanya au hasi. Hasi inafaa zaidi chuma chembamba. Rodi za E7018 ziache kwanza: ni imara zaidi, lakini zikinyonya unyevu huleta nyufa na vitundu.

Hatua ya 3: Kuwasha

Waya wa kishikio upitishe begani au mapajani ili uzito wake usivute mkono. Egemeza kiwiko. Shusha kofia, kisha paruza ncha ya rodi kwenye chuma kama unavyowasha kibiriti, na mara inapowaka inyanyue kidogo tu. Ikinata, izungushe kwa nguvu. Ikikataa, bana kishikio kiiachie. Kofia ibaki chini muda wote huo. Ikinata kila mara, ongeza ampea 5 hadi 10 kabla ya kulaumu mkono.

Hatua ya 4: Mshono wa kwanza

Lalisha rodi nyuzi 15 hadi 20 kuelekea unakokwenda, na uivute, usiisukume. Nafasi kati ya ncha na chuma iwe sawa na unene wa rodi, milimita 2.5 hivi. Kwa kuwa rodi inaisha, mkono unafanya kazi mbili kwa pamoja: unakwenda mbele na unashuka. Kusahau kushuka ndiko kunakorefusha mwanga na kutapanya cheche.

Sasa macho. Karibu kila anayeanza hutazama mwanga, na mwanga haukuambii kitu. Tazama dimbwi nyuma yake. Utaona vitu viwili: chuma kilichoyeyuka, kiking'aa na kutulia, na slagi (taka ya ganda la rodi iliyoyeyuka) inayokifuata, ikiwa imefifia na ikitembea kwa uzito. Chuma lazima kitangulie. Slagi ikianza kupita mbele ya dimbwi, itafunikwa ndani na mshono utakuwa na tundu usiloliona. Hutokea rodi ikisimama mno, ampea zikiwa chache au mwendo ukiwa wa pole mno. Lalisha rodi zaidi, fupisha mwanga, ongeza mwendo kidogo.

Upana wa dimbwi uwe milimita 6 hadi 8. Rodi moja ikikupa mshono wa sentimita 15 hadi 20, mwendo ni mzuri. Ukikatika njiani, gonga slagi ya shimo la mwisho, washa sentimita moja mbele yake, rudi ulijaze, kisha endelea.

Hatua ya 5: Gonga, piga brashi, soma

Vaa miwani, slagi ya moto huruka. Mshono uliovimba juu na haukushika pembeni: ampea ndogo. Uliolala bapa, wenye mfereji kandokando na rodi iliyoiva nyekundu: ampea nyingi. Mwembamba wenye mawimbi yaliyochongoka: umekimbia. Vitundu: mwanga mrefu, rodi yenye unyevu, au rangi hukuisaga.

Hatua ya 6: Uvunje

Simamisha flatibaa moja juu ya nyingine iwe T, shikiza ncha zote mbili kwa nukta ndogo za kuchomelea, kisha chomelea upande mmoja tu, rodi ikigawa kona nyuzi 45. Ikipoa, bana flatibaa ya chini kwenye jiriwa na upige ile iliyosimama kutoka upande usio na mshono, ianguke juu ya mshono. Ikilala bila kuvunjika, vizuri. Ikivunjika, tazama ndani: kijivu kilichochanika ni chuma kilichoshika, mstari mweusi ni slagi, ukiona ukingo wa flatibaa ukiwa bado umenyooka kama ulivyokatwa, moto haukufika. Mshono mzuri kwa juu hufeli hapa mara nyingi.

Hatua ya 7: Ndipo bomba la mraba

Tumia rodi ya 2.0 na ampea 40 hadi 50. Kata vipande vikutane bila upenyo, kwa sababu mwanya ndio unaotoboa. Shikiza kona zote nne kwanza, kisha pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 2, gonga fremu ikae sawa wakati nukta bado ni ndogo. Baada ya hapo chomelea sentimita moja au mbili, hamia kona ya mkabala, na upime tena kabla ya kufunga mshono wa mwisho.