Mkoba wa jinzi: kuvuka mshono mnene bila kuvunja sindano

Kwa wanaoshona mikoba kwa jinzi kuukuu na bitana ya vipande vya kanga: sindano huvunjika pale mshono wa ubavuni wa suruali unapokutana na pindo la mdomo wa mkoba. Ukifika hapo, simama sindano ikiwa chini, inua mguu wa cherehani (ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano), kunja kipande cha jinzi mpaka unene wake ulingane na ule mshono, kiingize chini ya mguu kwa nyuma, shusha mguu, uendelee polepole kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Ukianza kuteremka upande wa pili, kihamishie mbele. Bila hicho kipande, mguu hupanda ukalala kinyumenyume, meno ya chini yanayosukuma kitambaa hayakishiki, nyuzi zinajazana mahali pamoja na sindano inapinda. Sindano iwe namba 16 au 18. Ile nyembamba unayoshonea kanga itakatika tu.

Jinzi nzito za kiume za mtumba pale soko la Darajani, Zanzibar, ndizo zenye mshono mgumu kuliko zote, na ndizo hasa nzuri kwa mkoba, kwa hiyo hakuna kuzikwepa. Mshono upigepige kwanza kwa nyundo ulainike.

Njia hii haifai kama tabaka ni nyingi hata mguu ulioinuliwa haupiti. Hapo shona kwa mkono, au fumua ule mshono upunguze. Na karibu na vifungo vya chuma vya mifukoni usijaribu kabisa.