Mpango wa mafuriko uanzie ukutani

Ukipewa kazi ya kuwashirikisha watu wa mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, katika kupanga kinga ya mafuriko, usiwaite kikaoni kwanza. Nenda kwao na kopo la rangi. Nilikuwa katibu wa mazingira wa LC1, yaani baraza la kijiji, hapa Masese, Jinja, Uganda, Mei 2020, Ziwa Viktoria lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja na kuvuka kiwango cha 1964, na hivyo ndivyo tulivyofanya maji yaliposhuka.

Pita nyumba kwa nyumba. Mwombe mwenyeji aonyeshe maji yalifika wapi, kisha mpe brashi apige mstari kwa mkono wake. Rangi iwe ya buluu. Mimi nilianza na nyekundu, watu wakafunga milango: nyekundu ukutani kwetu ni alama ya nyumba itakayobomolewa. Na hofu hiyo ina msingi, maana kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda eneo la mita 200 kutoka ziwani. Litaje jambo hilo siku ya kwanza, wazi, na useme kama orodha yako ya nyumba itafika kwa wabomoaji au la. Kama hujui, usiandike jina la mtu.

Bibi mmoja anayeanika mukene, dagaa wa ziwani, sote tunamwita Jajja, hakunionyesha ukuta. Alinishika mkono hadi nyuma ya nyumba, akasimama kando ya choo. "Mwanangu, yalianzia hapa." Maji yalipanda kutoka chini, yakajaza shimo la choo siku kadhaa kabla sakafu ya ndani haijalowa. Mpango tulioletewa ulikuwa wa mitaro tu. Mtaro hupeleka maji ya mvua ziwani. Ziwa likipanda, maji yanarudi kwa njia ileile. Baada ya Jajja, vyoo vya kuinuliwa vikatangulia, mitaro ikafuata. Kwa hiyo swali lako lisiwe "mnataka nini?" Uliza: maji yalitokea wapi, yalikuja saa ngapi, ulibeba nini kwanza, watoto walilala wapi?

Kikao kije baadaye, nacho kipange kwa kutazama mwezi angani. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na asubuhi wanawake wako kwenye vichanja wakianika. Siku za mbalamwezi boti nyingi hupumzika. Hapo jioni utawapata wote. Ongeeni Kiswahili, Kisoga, Kiganda, chochote kinachomfungua mtu mdomo.

Wapangaji wasisahaulike. Mwenye nyumba pengine anaishi mjini na hajawahi kuamka godoro likielea. Anayejua ni mpangaji. Kisheria kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa baraza la kijiji, kwa hiyo ana haki ya kunyoosha mkono mpango unapopitishwa.

Mpango ukishapita, uandikwe kwenye kitabu cha mihutasari, usainiwe, mwenyekiti aupeleke parishi na diviseni, ngazi zilizo juu ya kijiji, kabla ya Oktoba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mikutano ya bajeti huanza mapema sana, na karatasi inayochelewa husubiri mwaka mzima.

Halafu kila Februari, kabla ya mvua za Machi, rudi na kopo lako. Mstari uliofifia upakwe upya, na mpangaji aliyehamia juzi aonyeshwe kimo cha maji mlangoni mwake.