Siku za Mwanzo za Kunyonyesha: Mwongozo kwa Mzazi Aliye Ndani ya Arubaini

Kwetu Zanzibar mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na kwa siku arubaini nyumba nzima humzunguka yeye. Hufungwa mkaja, hukandwa kwa maji ya moto, huletewa uji wa pilipili manga na supu, wala haachiwi kuinua ndoo. Hata hivyo, ni katika wiki ya kwanza ya arubaini hiyo ndipo wazazi wengi huanza kulia kwa maumivu ya chuchu, na ndipo chupa ya kwanza huingia chumbani, mara nyingi mkononi mwa mtu anayempenda mzazi kwa dhati. Mwongozo huu ni wa wiki hiyo. Unaeleza namna ya kuyatatua matatizo ya mwanzo, na namna ya kuuelekeza msaada ambao tayari umo ndani ya nyumba ili umsaidie mama kunyonyesha, badala ya kumwondolea mtoto kifuani.

Siku tatu za mwanzo

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, na njia nyepesi ya kulifikia hilo ni kumlaza kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa. Aliyejifungua kwa upasuaji naye anaweza, maadamu yuko macho na muuguzi anamsaidia kumshika mtoto. Maziwa ya mwanzo ni mazito, yana rangi ya manjano, na ni machache. Wapo bado wanaoyaita machafu na kushauri yakamuliwe yamwagwe; hilo ni kosa kubwa, kwa sababu ndiyo yaliyobeba kinga ya kwanza ya mtoto. Uchache wake usikutishe, kwani tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo sana. Maziwa mengi hujaa kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa aliyezaa mara ya kwanza au kwa upasuaji huweza kuchelewa kidogo. Katika kungojea huko, mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Kumpakata na kumshikisha ziwa

Maumivu makali ya chuchu, kwa sehemu kubwa, hutokana na jinsi mtoto alivyoshika ziwa, na jambo hilo hurekebishika. Mimi nilimzaa mwanangu wa kwanza Pemba, na siku ya tatu chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka. Kila mtoto alipolia nilikunja vidole vya miguu hata kabla hajafika kifuani. Shangazi yangu aliketi juu ya mkeka mbele yangu, akaniambia ninyonyeshe kama nilivyozoea, naye akatazama kimya mpaka mtoto alipomaliza. Kisha akasema, “Mwanangu, wewe unamfuata mtoto. Mlete mtoto kwako.” Nilikuwa nimeinama mgongo, namtia chuchu mdomoni, naye anaitafuna ncha tu. Shangazi aliniegemeza ukutani kwa mto, akaweka kanga iliyokunjwa chini ya kiwiko changu, akamgeuza mtoto hata tumbo lake likakabiliana na tumbo langu. Maumivu hayakwisha siku ile, lakini kesho yake nilinyonyesha bila kukaza meno.

Ukitaka kufanya hivyo mwenyewe, anza kwa kukaa vizuri, mgongo umeegemea, au lala ubavu ikiwa una mshono. Mpakate mtoto hali kichwa, shingo na mwili wake viko katika mstari mmoja, kwa sababu mtoto aliyepinda shingo hamezi vizuri, kama ambavyo mtu mzima hawezi kunywa maji huku ameangalia begani. Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri. Akipanua kinywa kama anayepiga miayo, ndipo umlete kwenye ziwa upesi, kidevu kikitangulia kugusa. Akishika sawasawa, sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi upande wa juu wa mdomo wake kuliko chini, mdomo wa chini huwa umebinuka nje, mashavu yamejaa, na baada ya muda utasikia anameza. Maumivu ya sekunde chache za kwanza huweza kuwapo katika siku za mwanzo. Yakiendelea, usivumilie wala usimvute kwa nguvu. Ingiza kidole chako kidogo kilicho safi pembeni mwa mdomo wake, aachie, kisha uanze upya. Chuchu inayotoka mdomoni ikiwa imebanwa ubapa, mfano wa ncha ya kalamu iliyochongwa, ni ushahidi kwamba hakushika vyema.

Chuchu iliyopasuka ipakwe matone ya maziwa yako mwenyewe baada ya kunyonyesha, iachwe ikauke kwa hewa, na isioshwe kwa sabuni kila mara. Unaponyonyesha, anza na upande usiouma sana. Mwenye chuchu bapa asikate tamaa, kwa kuwa mtoto hunyonya ziwa, si chuchu peke yake. Ikiwa kinywa cha mtoto kina utando mweupe usiofutika na chuchu zako zinawaka moto, huenda ni fangasi, na hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja.

Maziwa yanapojaa na kuuma

Siku ya tatu au ya nne maziwa huweza kujaa hata ziwa likawa gumu kama jiwe, mtoto akashindwa kulishika. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kamua kidogo kwa mkono mpaka sehemu iliyo karibu na chuchu ilainike, kisha mnyonyeshe. Baada ya hapo kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe. Hapa nina ombi kwa wakandaji wetu, ambao mikono yao ina baraka kwa kiuno na miguu: ziwa lililovimba lisikandwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto sana, kwani msuguano huo huumiza ndani na kuongeza uvimbe. Likiwa jekundu, lina moto sehemu moja, na mama ana homa, endelea kunyonyesha hata upande huo, na ufike kituo cha afya bila kupitisha siku, kwa sababu uambukizo ukiachwa huweza kugeuka jipu.

“Maziwa hayatoshi”

Hii ndiyo kauli iliyokatiza unyonyeshaji wa wanawake wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua. Mtoto akilia mfululizo baada ya magharibi na kutaka kunyonya kila mara, watu husema mama hana maziwa, ilhali watoto wengi hufanya hivyo jioni. Tazama nepi, usitazame kilio: siku ya kwanza mkojo mara moja, siku ya pili mara mbili, na kuanzia siku ya tano mara sita au zaidi, na choo kikibadilika kutoka cheusi kuwa cha manjano. Tazama pia mizani ya kliniki. Ni kawaida mtoto kupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo, na wengi huurudia uzito wa kuzaliwa kabla ya wiki mbili kwisha.

Mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, ubongo hutoa homoni ya prolaktini inayoyazalisha, nayo hutoka kwa wingi usiku, ndiyo maana kunyonyesha usiku kuna uzito wake. Kila chupa ya maziwa ya kopo inayotolewa bila sababu ya kitabibu huuambia mwili kwamba maziwa hayo hayakuhitajika. Supu ya pweza na uji ni vyema, kwa kuwa mzazi anahitaji chakula na maji ya kutosha, lakini hakuna supu inayofanya kazi ya kinywa cha mtoto. Wako pia wanaoamini maziwa yamekauka kwa jicho la mtu. Kisomo na dua vina nafasi yake, na moyo uliotulia husaidia maziwa kushuka. Ila mtoto asiondolewe kifuani kwa kungojea kisomo.

Maji je? Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo hata katika joto la kaskazi mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji mengine. Asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu vya botulizimu.

Ikibidi kumpa maziwa uliyokamua, kile kikombe kidogo cha kahawa tunachokijua barazani kinafaa kuliko chupa. Kichemshwe, mtoto aketishwe wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, naye aachiwe ayalambe mwenyewe, wala asimiminiwe. Mama anayerudi kwenye mwani baada ya arubaini anaweza kukamua kabla maji hayajakupwa na kumwachia bibi. Kwa joto letu maziwa hayo yatumike ndani ya saa chache, au yawekwe kwenye friji, ambako hukaa hadi siku nne.

Nani akusaidie, na umwambieje

Jambo la kwanza la kumwomba mtu ni lile alilolifanya shangazi yangu: akae akutazame ukinyonyesha tangu mwanzo hadi mwisho. Mwombe mkunga kabla hujatoka hospitali, na usione haya, kwani kuulizwa “mtoto ananyonya?” na kujibu “ndiyo” si sawa na kutazamwa. Ukishafika nyumbani, kumbuka kwamba katika shehia wapo wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea wa programu ya Jamii ni Afya, ambao huwatembelea wajawazito na wazazi majumbani. Sheha au kituo cha afya kilicho karibu watakuelekeza kwao.

Kwa wakubwa wa nyumba, heshima hufungua mlango. Mama mkwe anapoleta maji ya sukari, kumkatalia mbele ya wifi zako kutaleta maneno, lakini unaweza kumwambia, “Mama, kliniki wameniambia nisimpe kitu mpaka miezi sita. Naomba unisaidie kumcheulisha nikimaliza, mimi mikono imechoka.” Anapata kazi, na kazi hiyo ina maana. Mpe kazi ya kuogesha, ya kufua nepi, ya kupika. Mume naye ana lake: Suratul Baqara, aya ya 233, inayotaja kunyonyesha miaka miwili kamili, papo hapo inamwajibisha baba kwa chakula na mavazi ya mama. Baba anaweza pia kuwapokea barazani wageni waliokuja kumtazama mzazi, akawaambia mama anapumzika, kwani mzazi anayeketi na wageni tangu asubuhi hapati nafasi ya kufungua kifua.

Mama anayeishi na virusi vya ukimwi ananyonyesha, maadamu anatumia dawa zake kila siku na mtoto anapewa dawa ya kinga kama alivyoelekezwa kliniki. Azungumze na muuguzi mapema, hata kabla ya kujifungua. Kulia na kuwa mzito wa moyo katika siku za mwanzo huwapata wengi na hupita. Ikizidi wiki mbili, au ukihisi huna haja na mtoto wala na nafsi yako, mwambie mtu unayemwamini akufikishe kituo cha afya, hata kama nyumbani wanasema ni shetani.

Ziko dalili zisizongoja asubuhi: mtoto analala mno na haamki kunyonya, hajakojoa kwa saa nane au zaidi baada ya siku za mwanzo, viganja na nyayo zimekuwa za manjano, ana homa au mwili wake umepoa, au anapumua kwa shida. Hapo mfikisheni hospitali usiku huo huo, iwe Mnazi Mmoja, Chake Chake, Wete au yoyote iliyo karibu, chukueni kadi ya kliniki, na njiani mama ampakate kifuani, amfunike kwa kanga, na amnyonyeshe iwapo mtoto anaweza kunyonya.