Jinsi ya kuuza mahindi ya porini bila kumwachia dalali hela yote

Wadau wa Hai, Moshi Vijijini na hata nyie wa Arumeru, hii ni ya sisi tunaolima mahindi huku porini, yaani mashamba ya tambarare ya chini, sio kihambani juu kwenye migomba. Kila mwaka mwezi wa nane tunauza yote ndani ya wiki moja, alafu ikifika mwezi wa pili tunaenda dukani kwa mangi kununua unga kwa bei ya kuruka. Watu wanasema kilimo hakilipi. Mi naona kinalipa sana tu, ila kinamlipa yule aliyekuja na fuso siku unavuna.

Kabla hujavuna kaa chini na mama watoto mpige hesabu ya hela ya lazima, yaani ada, deni la mbolea, hela ya trekta, basi. Magunia ya kutosha hiyo ndo uza mapema, mengine weka. Usijidai kuweka yote, mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada utauza kwa bei yoyote na dalali anakusoma usoni kabisa.

Sa kwenye kuweka ndo watu wanaharibu. Anika kwenye turubai, sio kwenye udongo, na usiamini kung'ata kwa jino peke yake. Chukua chupa kavu, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa dakika kadhaa, chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa bado hayajakauka, rudisha juani. Mahindi mabichi yanaota fangasi na fangasi ndo inaleta sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hiyo hata ukipepeta au ukipika haiondoki. Na sio stori za wataalamu tu, Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu hiyo hiyo, wakafungua baada ya siku chache ila kwa masharti, ikiwemo cheti kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kwahiyo uzembe wa turubai huku Hai unaweza kukufungia soko kule Namanga mpakani.

Yakikauka yapepete vizuri, tia kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Jaza, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake kwa kukaza. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi (wengine mnamwita skania), anakosa hewa anakufa humo humo, huhitaji dawa. Mfuko ni ghali kuliko kiroba cha kawaida ila unarudia misimu zaidi ya mmoja kama panya hawajautoboa. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta, na paka awepo.

Kuuza sasa. Lumbesa, yaani gunia la kujazwa kupita kiasi, ni kosa kisheria, gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, lakini dalali atakuja na gunia lake akushonee kilemba juu uone kawaida. Piga hesabu: debe la mahindi ni kama kilo 17 au 18, ukimwongezea debe moja moja kwenye magunia kumi umempa zaidi ya gunia moja na nusu bure, na bado unamshukuru. Hiyo ndo bati la jikoni, ndo hela ambayo ingeenda kwa fundi wa hapo kijijini na kwa mama wa genge, imepanda fuso imeondoka.

Dawa ni mizani na kuwa wengi. Wazee wetu wa kahawa walilijua hili zamani, KNCU, chama chao cha ushirika, imeanza 1933 hapo Moshi kwa kukusanya mzigo pamoja. Sisi tulikuwa saba tu, tukachanga tukanunua mizani ya kuning'iniza, tukaipeleka Wakala wa Vipimo ikakaguliwa ikagongwa muhuri, alafu tukakubaliana hakuna kuuza mmoja mmoja, mzigo ujae lori. Kabla ya kupakia tunapiga simu kwenye masoko ya Kwa Sadala, Mbuyuni, Kilombero ya Arusha na Namanga kuulizia bei, vocha ya buku tu.

Dalali wetu wa miaka yote alipoikuta mizani imening'inia kwenye mwembe alisema ana haraka, akawasha gari akaondoka. Saa kumi na moja jioni akarudi, akauliza kilo tunauza bei gani.