Umeme ukikata wiki nzima kijijini: mambo ya kuandaa kabla masika hayajaanza

Watu wengi wakisikia umeme umekata wanawaza taa. Taa jamani ni kitu kidogo. Hapa kwetu Kilwa mwezi wa 5 mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga, nguzo zetu zikalala shambani, na siku ya pili tu kilichotubana sio giza, ni maji na unga. Kisima kinavutwa na pampu ya umeme, mashine ya kusaga nayo ya umeme, yani gunia la mahindi limesimama ndani na ugali hamna. Mama akaenda kuutoa mchi uliokua umesahaulika nyuma ya jiko tukatwanga kwa zamu mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Kwahiyo anza na maji. Piga hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku, familia ya watu 6 kwa wiki ni lita 840, simtank la lita 1000 linatosha, ila liwe juu ya kichanja ili maji yashuke yenyewe bila pampu, na ya kunywa weka pembeni kwenye madumu yenye vifuniko. Gata nayo isafishwe mapema, mvua hiyo hiyo inayoangusha nguzo ndio itakujazia tenki. Unga saga wa wiki mbili kabisa, na mkaa au kuni ziingie ndani zikiwa kavu.

Hela watu wanaisahau sana. Pesa yote iko kwenye simu, mnara ukiishiwa chaji hutoi wala hutumi, kwahiyo weka noti ndogo ndogo ndani, ukienda na elfu kumi dukani siku hizo chenji hupati.

Friza likijaa na usipolifungua linashika baridi kama siku mbili, likiwa nusu ni siku moja, friji la kawaida ni masaa manne tu. Nafasi ikibaki jaza chupa za maji zigande humo. Samaki usisubiri waanze kunuka, siku ya kwanza hiyo hiyo wakaange au wabanike. Kama kuna mgonjwa wa sukari anayetumia insulini muulize daktari sasa hivi, maana nyingi zikishafunguliwa zinakaa kama wiki nne nje ya friji ilimradi joto lisizidi nyuzi 30, na kwa joto la pwani hizo 30 tunazipita mchana kweupe. Chungu ndani ya chungu na mchanga uliolowa katikati kinasaidia kuipoza dawa hiyo, weka kivulini penye upepo, ila hewa yetu ina unyevu mwingi usitegemee ubaridi wa friji.

Sola ni nzuri, ila betri ya 100Ah ya volti 12 ya maji ukitaka idumu tumia nusu yake, yani kama wati 600 kwa saa moja. Taa nne za wati 5 kwa masaa matano ni 100 tu kati ya hizo 600, simu hazili kitu, tv ya wati 40 ukiiwasha taarifa ya habari sio mbaya, pasi sahau. Na masika jua ni la kuvizia, panga kama vile kesho halitoki.

Jenereta nawaomba sana. Lisikae ndani wala kibarazani, liwe mbali na madirisha, ule moshi una hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni hivyo hivyo. Halafu usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani, umeme unarudi kwenye laini na fundi aliyepanda nguzo akidhani imezimwa anakufa, mwite fundi akufungie chenjiova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kati ya laini na jenereta. Waya ukiuona chini usiusogelee hata kama kijiji kizima hakina umeme, watoto waambiwe kabla.

Umeme ukishakata tu zima meini swichi, chomoa friza na tv. Umeme ukirudi mara nyingi unakuja kwa kurukaruka, ukiona kwa jirani taa zimetulia kama robo saa hivi ndo washa, friza la kwanza, vingine baadae.